Ubao wa Mombasa

Nyumbani kwa bibi yangu, Kilema, kuna banda la kuku ambalo mlango wake umetoka Mombasa. Si mlango hasa, ni kipande cha ubao mwembamba wa kasha la majani ya chai, yale makasha ya zamani yaliyopigwa bati pembeni. Ncha moja imekatwa mviringo kama ulimi wa ng'ombe. Kwa miaka mingi nilidhani fundi alikosea vipimo. Kumbe ubao ule, kabla haujaanza kuwafungia kuku, ulipanda mawimbi ya Bahari ya Hindi. Ilikuwa Juni 1976, na juu yake alilala baba yangu, mtoto wa miaka tisa, kifudifudi, macho kayafumba kwa hofu.

Ndugu msomaji, ubao huo ndio ulionituma kuitafuta habari hii. Maana ukikaa ukafikiri utaona kwamba kuna jambo haliendi sawa hapo. Mchagga na likizo ya baharini wapi na wapi? Kwetu likizo hupanda mlima, haiteremki. Kila Desemba mabasi yanatoka Dar es Salaam yamejaa hadi kwenye ngazi, magari madogo yamebeba mitungi ya gesi, televisheni na viatu vipya vya watoto, wote kiguu na njia kwenda Rombo, Marangu, Machame, Kibosho, Uru. Wenyeji wa Dar wana utani wao: ukiona barabara hazina foleni, ujue Wachagga wamekwenda kwao. Bahari kwetu ni mahali pa kazi. Kule ndiko kuna ofisi, duka, gereji, bandari. Ukitaka kupumzika unairudia migomba na mbege.

Basi ilikuwaje karani mmoja wa reli akachukua mke na watoto wawili, akawatoa mlimani, akawapeleka kukaa mchangani bila shughuli yoyote? Nilipoanza kuuliza nikagundua kwamba swali si la babu yangu peke yake. Ni swali la mji mzima wa Moshi na bahari yake.

Nianze mbali kidogo. Kabla ya reli, bahari kwa watu wa Kilimanjaro ilikuwa watu, siyo maji. Ilikuja yenyewe, kwa miguu, imevaa kanzu. Misafara ya Waswahili ilitoka Pangani, Tanga na Mombasa, ikapita nyika isiyo na maji, ikafika kwa wamangi ikiwa na nguo, shanga, waya wa shaba na baadaye bunduki. Ikaondoka na pembe za ndovu, na, tusifichane, ikaondoka pia na watu. Wamangi wetu walipigana wao kwa wao na mateka wakauzwa. Wapo wengi kutoka mlimani walioiona bahari kwanza wakiwa wamefungwa, na hao hawakurudi kutusimulia inafananaje.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia kwa sababu alikwisha kuipita mara nyingi. Tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya mlima, akaandika kuwa ni theluji, na wataalamu wa London waliokaa kwenye viti vyao wakambishia. Katika safari hiyo alifika Kilema, kwetu. Vitabu vya shule vinamtaja Rebmann kwa wino mzito na Bwana Kheri kwa wino mwepesi, kama anatajwa. Mimi namwona Bwana Kheri ndiye mwenye habari: njia ya kutoka Mombasa hadi Kilema alikuwa nayo kichwani kama mimi ninavyoijua njia ya kwenda kisimani.

Hata kabla bendera ya Wajerumani haijapandishwa sawasawa huku, Mangi Rindi wa Moshi alituma wajumbe wake hadi Berlin. Hiyo ilikuwa 1889. Hebu fikiria, watu waliozaliwa kwenye migomba wanapanda meli ya moshi kwenda kumwona Kaisari! Mwanawe, Mangi Meli, ambaye jina lake Mswahili akilisikia anafikiria chombo cha baharini, alinyongwa na Wajerumani Moshi ya Kale tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kuvushwa bahari kupelekwa Ujerumani, na watu wa ukoo wake wamekitafuta kwa miaka mingi. Kwa hiyo hata hapo bahari haikuwa mahali pa kuchezea.

Halafu ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, wakaenda polepole, fedha zikikatika na kuunganika, wakapita Korogwe, Mombo, chini ya milima ya Usambara na Upare, na mwaka 1911 reli ikafika Moshi. Ilifika chini, tambarare, siyo juu kwenye boma la zamani. Na mji ukashuka kuifuata. Moshi tunayoijua leo ni mji uliozaliwa na stesheni. Karibu kilometa 350 hadi Tanga, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kulala mlimani na kesho yake akasikia harufu ya chumvi.

Na unajua ni kina nani waliokuwa wa kwanza kusafirishwa kwa wingi kutoka Moshi kwenda ufukweni? Askari. Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika Tanga zikiwa na jeshi kutoka India, watu kama 8,000, wakashushwa pale Raskazone, mahali ambapo leo watu huenda kuogelea Jumapili. Von Lettow-Vorbeck alikuwa na vikosi vyake huku Kilimanjaro kuulinda mpaka. Akavipakia kwenye treni, akavishusha Tanga, askari kiasi cha 1,000 tu, wakapigana kati ya minazi na mashamba, nyuki nao wakaingia vitani wakiuma bila kuuliza mtu yuko upande gani. Waingereza walirudi melini tarehe 5 wakaacha bunduki na risasi mchangani.

Hapa historia inaingia nyumbani kwetu. Waingereza walipouchukua Moshi Machi 1916, Wajerumani walirudi nyuma kuifuata reli yao, na katika kurudi walichukua wapagazi. Mmojawapo alikuwa babu yake bibi. Alimwambia mkewe anateremka pwani mara moja. Hakurudi. Vita ile iliwala wapagazi wengi kuliko askari, kwa njaa, kuhara na homa, na pande zote mbili zilikuwa na hatia hiyo. Jina la Kariakoo limetoka huko, kwenye kikosi cha wachukuzi wa Waingereza. Katika nyumba aliyozaliwa bibi, mtu akifa hawakusema amefariki. Walisema, "Ameenda pwani." Bibi alizaliwa 1938 na akakua akiisikia kauli hiyo bila kuuliza.

Wakati huohuo, Waingereza nao walikuwa wamejenga reli yao ya vita kutoka Voi kupitia Taveta. Mwaka huohuo wa 1916 ikaungana na ile ya Tanga pale Kahe, chini kidogo ya Moshi. Kahe ukipita leo ni kituo kidogo, jua kali, mbuzi wanapumzika kivulini. Lakini pale ndipo Moshi ilipopata bahari mbili: ukinyoosha unafika Tanga, ukikata kushoto unafika Mombasa. Miji hiyo miwili ikaanza kugombania mizigo yetu kwa miaka mingi, na kwa kiasi kikubwa Mombasa ikashinda, maana bandari yake ya Kilindini ilikuwa na kina kirefu na meli ziliweza kufunga gati.

Mzigo wenyewe ulikuwa kahawa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliopanda kutoka Bagamoyo, walifungua misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kahawa ikafuata. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na 1933 ikazaliwa KNCU. Bibi amechuma kahawa tangu anajua kutembea. Alichuma, akamenya, akaosha, akaanika, akapeleka chamani kichwani. Kutoka hapo ilikwenda kiwandani Moshi kukobolewa, ikapanda treni, ikaenda Mombasa au Tanga, ikapanda meli. Kahawa ya bibi ilivuka bahari miaka ishirini na zaidi kabla bibi hajaiona. Nilipomwambia hivyo alicheka akasema, "Hata barua haikuniandikia."

Sasa tuje kwenye mchezo.

Likizo ya ufukweni katika Afrika Mashariki ililetwa na wazungu wa nyanda za juu. Walowezi wa Kenya, na wachache wa huku Moshi na Arusha, walikuwa na imani kwamba kuishi mwinukoni kunaichosha mishipa ya fahamu, kwa hiyo mtu lazima ateremke baharini mara kwa mara apate hewa nzito. (Wazee wetu wameishi mwinukoni karne nyingi na mishipa yao ya fahamu ilikuwa mizima, mpaka walipoanza kudaiwa kodi.) Kwenye miaka ya 1930 hoteli za kwanza za namna hiyo zikafunguliwa Malindi, na familia zikaanza kushuka na watoto, mayaya na mbao za kuchezea.

Kwa nini Malindi? Hapa lazima nieleze jambo la mwamba. Sehemu kubwa ya pwani yetu, kutoka Kenya kuja Tanga hadi Mtwara, ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na nchi kavu. Wimbi linalotoka bahari kuu linavunjikia huko nje, unaliona kama mstari mweupe tu, na linapofika mchangani limekwisha nguvu. Ndiyo sababu wavuvi wetu wanaweza kusukuma ngalawa bila kupinduliwa. Lakini Malindi mto Sabaki unamwaga maji baridi na matope, matumbawe hayapendi matope, kwa hiyo mbele ya mji mwamba umekatika, na kusi likivuma mawimbi yanaingia mpaka ufukweni yakiwa mazima. Wazungu wakaona hapo ndipo pa kuteleza. Mchezo wa kusimama juu ya ubao asili yake ni watu wa Hawaii na visiwa jirani. Lakini kuteleza kwa tumbo hata Waafrika waliujua zamani. Msafiri mmoja Mskoti aliyepita Accra kwenye miaka ya 1830 aliandika kuwaona wavulana wakielea na vibao vidogo matumboni wakingojea wimbi liwarudishe pwani. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba mwili mweusi na mchezo wa bahari ni vitu viwili.

Hoteli zile zilikuwa za wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Wachagga waliofika huko kabla ya uhuru walifika wakiwa wapishi au madereva, wakawatazama watoto wa mabwana zao wakiteleza, wakarudi Moshi na habari ambayo haikuwa na mahali pa kuiweka.

Babu yangu alikuwa wa kizazi kilichofuata. Aliajiriwa reli mwanzoni mwa miaka ya 1960, karani stesheni ya Moshi, na kufikia 1969 mwajiri wake akaitwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi. Siku hizi vijana tunapoimba habari za jumuiya mpya tunasahau kwamba ile ya zamani, iliyoundwa 1967, haikuwa vikao tu. Ilikuwa na mabehewa. Ilikuwa na posta, ndege, bandari na reli moja kwa nchi tatu. Mtumishi wa reli alikuwa na pasi ya kusafiri na familia yake wakati wa likizo, na pasi hiyo haikujua Tanzania wala Kenya. Babu alikuwa ameitumia miaka yote kwenda msibani na harusini. Mwaka 1976, kwa sababu ambazo baba na shangazi zangu bado wanabishana, akasema mwaka huu tunakwenda kuiona bahari.

Baba anasema ni kwa sababu bei ya kahawa ilikuwa imepanda. Hilo ni kweli: Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil na dunia nzima ikakosa kahawa, na sisi ambao mibuni yetu ilikuwa salama tukaneemeka kwa baridi ya watu wengine. Shangazi mkubwa anasema hapana, babu alikuwa amechoka tu kuona treni zinaondoka kila siku yeye anabaki na bendera mkononi.

Waliondoka Juni, kahawa ikiwa bado kijani. Shangazi mdogo alikuwa na miaka mitatu na surua, akaachwa kwa jirani. Aliahidiwa atakwenda mwakani. Kumbuka neno hilo, mwakani. Wakapita Kahe, wakapita Taveta usiku ukiingia, wakala mayai ya kuchemsha na ndizi za kuchoma, wakafika Voi usiku wa manane na kuingojea treni ya Nairobi kwenda Mombasa. Kulipopambazuka, baba alisikia mtu anasema "Makupa," akachungulia dirishani akaona maji pande zote mbili za treni. Akapiga kelele kwamba wamepotea.

Walifikia kwa mfanyakazi mwenzake babu, kwenye nyumba za reli. Siku ya pili wakavuka Likoni kwa kivuko, bibi kashika nguzo kwa mikono miwili na kukataa kuangalia chini, wakatembea hadi ufukweni. Ipo picha ya siku hiyo, mpiga picha wa kutembea aliwapiga. Wote wamesimama wima kama wako mbele ya kanisa: babu na koti, bibi na gauni la Jumapili na kilemba, watoto na viatu. Nyuma yao bahari, na watu wengine wakiwa wamevua karibu kila kitu. Unaweza kudhani picha mbili zimebandikwa pamoja.

Watoto wa pale walikuwa na vibao. Mmoja, kijana wa Kidigo, alimwambia baba kwamba maji yakijaa na kusi likivuma, mawimbi madogo yanapita juu ya mwamba yakafika mpaka hapa, na hayo yanatosha mtoto. Babu akaenda mjini akarudi na ubavu wa kasha la chai. Makasha yalikuwa mengi. Tangu 1969 mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulihamia Mombasa kutoka Nairobi, na chai ya nchi zote tatu ilipita pale. Akakata ncha kwa msumeno wa kuazima. Kwa siku nne baba na dada yake walikunywa chumvi. Kijana yule alikuwa akipiga kelele, "Sio hilo! Sio hilo! Hilo hapo, haya!" na baba anajitupa, anabebwa hatua kumi, ishirini, anakwama mchangani matumbo yamechubuka, anarudi tena. Mpaka leo akisimulia anainama kidogo, tumbo linakumbuka.

Bibi alikaa juu ya kanga siku zote nne, mbali na maji. Lakini alikuwa anatazama. Jioni ya tatu akamwuliza babu jambo ambalo limekuwa msemo katika familia yetu:

"Baba watoto, haya maji yana zamu?"

"Zamu gani?"

"Asubuhi yalikuwa hapa. Mchana yakaenda kule. Sasa yanarudi. Nani anayagawa?"

Msomaji ambaye si wa mlimani labda hataelewa. Kwetu maji ya mfereji yana zamu. Mifereji ya Kilimanjaro imechimbwa na koo tangu kale, inapita ubavuni mwa mlima kilometa nyingi, na kuna mzee wa mfereji anayesema leo maji ni ya nani na kesho ya nani. Ukiiba zamu ya mwenzako ni kesi. Bibi alipoona maji yanajaa na kupwa kwa saa zake, akaona kuna utaratibu, na penye utaratibu pana mwenyewe. Sidhani kama nimewahi kusoma maelezo mazuri zaidi ya kupwa na kujaa.

Babu akamwambia zamu inapangwa na mwezi, avue viatu akanyage. Akakataa. "Mwakani," alisema.

Mwakani hakukuwa na safari. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la jumuiya lilianguka, na Februari Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Vitabu vinaeleza sababu, na ni nyingi: mgawanyo wa faida usio sawa, itikadi zilizopishana, chuki na Amin wa Uganda, madeni ya mashirika. Sitaki kuzirudia hapa. Ninachojua ni kwamba siku ile babu alikwenda kazini kama kawaida, na treni ya Voi haikuwa kwenye ubao. Behewa lililokuwa upande huu lilibaki upande huu. Taveta, ambako watu wa Kilema na Marangu walikuwa wakienda sokoni na kurudi jioni, ikawa nchi ya kigeni. Kahawa iliendelea kuvuka kwa magendo usiku, lakini familia zenye watoto hazivuki kwa magendo kwenda kucheza.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Miaka sita na miezi. Lakini katikati palikuwa na vita vya Kagera, palikuwa na foleni za sukari na sabuni, na mwajiri wa babu alikuwa sasa Shirika la Reli Tanzania. Moshi ilikuwa imegeuza shingo. Tangu 1963 palikuwa na kipande cha reli kilichounganisha njia ya Tanga na ile ya Kati, kwa hiyo treni iliweza kwenda moja kwa moja Dar es Salaam. Na Dar ndiko serikali, vyuo na kazi zilikokuwa. Dar ikawa bahari yetu. Angalia ramani uone ajabu yake: kwa barabara Mombasa ni karibu nusu ya umbali wa kwenda Dar. Kizazi cha baba kilihamia kwenye bahari iliyo mbali kwa sababu iliyo karibu ilikuwa imefungwa, na walipohamia wakaanza kuona nyumbani ni mlimani tu, na likizo ni kupanda. Mimi nadhani ile desturi yetu ya Desemba, ambayo tunaisema kama imetoka kwa mababu, sehemu yake ni mtoto wa mpaka ule uliofungwa. Wakubwa zangu hawakubaliani nami. Sawa.

Babu alistaafu, akafariki 1991. Treni za abiria za njia yetu nazo zikafa katika miaka hiyohiyo ya 1990, nyasi zikaota kwenye stesheni ya Moshi, mpaka Desemba 2019 ziliporudi kutoka Dar. Ile ya Voi haikurudi. Ubao wa kasha la chai ulikuwa umekwisha kupata kazi nyingine.

Juni 2023 tulimpeleka bibi. Tulikuwa wanne: yeye, miaka 85, shangazi mdogo, yule wa surua, sasa mwenye miaka hamsini, baba na mimi dereva. Tulitaka kuuchukua ubao, baba alikwisha kuung'oa bawaba moja, bibi akatoka nje na fimbo. "Na kuku watalala wapi? Kicheche atawangoja nyie mrudi?" Ukarudishwa.

Tulivuka Holili, ambako tangu 2016 kuna kituo kimoja cha mpaka cha nchi zote mbili, ukigongewa muhuri umekwisha. Kutoka Taveta ni lami. Reli ya zamani inaonekana kando ya barabara, inapotea kwenye vichaka, inaonekana tena. Baba alinyamaza sehemu yote hiyo. Karibu na Voi njiani bibi ndiye aliyetuambia, kwa mara ya kwanza, kuhusu babu yake na ile kauli ya "ameenda pwani." Alisema kama anayesema habari ya mvua. Shangazi akamwuliza, "Kwa hiyo mwaka ule ndiyo maana ulikataa kukanyaga maji?" Bibi akasema alikuwa na watoto wawili majini na mmoja mgonjwa nyumbani, na mtu mmoja lazima abaki nchi kavu.

Likoni tulifika maji yamekupwa. Kuna maduka mengi sasa, na vijana wanakodisha maboya. Tukamweka kwenye kiti cha plastiki. Shangazi alikwenda mwenyewe, mbali, mpaka maji yakamfika kiunoni, akasimama huko muda mrefu bila kugeuka. Hakuwa na ubao. Kuna wimbi moja lilimsukuma akaanguka, akainuka anacheka na nywele zimeharibika.

Nikamwambia bibi nimwinue tusogee. Akakataa akanionyesha kwa fimbo mstari wa majani makavu uliokuwa nyuma ya kiti chetu, ambako maji yalifika alfajiri. Alikuwa ameshauona. Akavua viatu, akaviweka mapajani, akangoja. Ilichukua kama saa mbili. Baba alikuwa amelala kwenye mchanga na kofia usoni maji yalipofika kwenye miguu ya kiti, kisha kwenye miguu yake.

"Ya moto," alisema bibi. Alikuwa amezoea ya mfereji.

Tulirudi Kilema siku ya tatu, usiku. Kabla hajaingia ndani alichukua tochi akaenda bandani, akaufungua ubao, akawahesabu kuku, akaufunga.